Pombe ya zamani kwenye fomu ya leo: kibali cha usalama cha Marekani kinavyotolewa na kunyimwa

Mwishoni mwa Novemba 1981, Thomas Egan alianza kazi ya unyapara wa vibarua katika kituo cha jeshi la majini la Marekani kilichopo Bremerton, jimbo la Washington. Hapo ndipo nyambizi za Trident, zile zinazobeba makombora ya nyuklia, zilipokuwa zikiletwa kukarabatiwa na kujazwa mahitaji kabla ya kurudi baharini. Egan hakuwa mhandisi wala ofisa, lakini kila nafasi kituoni pale ilihesabiwa kuwa nyeti, kwa hiyo naye ilibidi apekuliwe. Kwa muda wote wa kusubiri majibu alipewa kazi za pembeni tu, na hakuruhusiwa kukanyaga ndani ya nyambizi hata moja.

Februari 1983 barua ikaja. Jeshi lilikusudia kumnyima kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kukabidhiwa siri za serikali na kazi zilizo nyeti. Lilitaja hukumu za shambulio na za kukutwa na bunduki ilhali sheria ilishamkataza kuwa nayo. Likataja makosa mawili ya zamani zaidi, ya kubeba silaha yenye risasi, ambayo hakuyaandika kwenye fomu ya kuomba kazi. Likataja pia jambo alilolisema yeye mwenyewe: kwamba huko nyuma pombe ilimsumbua, na kwamba siku 28 za mwisho za kifungo chake alizimalizia kwenye programu ya kutibu ulevi.

Egan alijibu kwamba deni lake kwa jamii alishalilipa, kwamba pombe haikuwa imemsumbua kwa miaka mitatu, na kwamba makosa yaliyozidi miaka saba hakuyaandika kwa sababu hakuielewa fomu kuwa inayataka. Wakubwa wake wa kazi walimwandikia maneno mazuri. Haikusaidia. Julai mwaka huohuo akaondolewa kazini. Kesi ikapanda ngazi kwa ngazi hadi Mahakama ya Juu, na Februari 23, 1988 majaji watano dhidi ya watatu wakaamua kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali cha usalama, na kwamba bodi inayosikiliza rufaa za watumishi wa umma haina mamlaka ya kupima kama uamuzi wa kumnyima ulikuwa sahihi.

Wanasheria wanamkumbuka Egan kwa hukumu hiyo. Mimi nadhani mtu wa kawaida angefaidika zaidi kumkumbuka kwa fomu yake. Mambo mawili yaliyomkuta, pombe ya zamani na jibu lililopungua kwenye karatasi, hadi leo hukutana kwenye meza ya mpekuzi, na waombaji huyachanganya. Wanadhani pombe ndiyo itakayowaangusha, basi wanaificha. Kumbe kanuni zenyewe zimeiwekea pombe njia kadhaa za kutokea, na aliyeficha zimemwekea njia finyu sana.

Nani anaomba, nani anapima

Kibali cha usalama hakiombwi kama pasipoti. Huwezi kwenda dirishani ukalipia. Anayekudhamini ni mwajiri, iwe ni jeshi, idara ya serikali au kampuni yenye zabuni ya serikali, na gharama ya upekuzi haikuhusu. Anayekuambia utoe pesa ili akupatie kibali ni tapeli. Ngazi ni tatu, Confidential, Secret na Top Secret, na kadiri unavyopanda ndivyo maswali yanavyochimba. Upekuzi wa watu wengi hufanywa na shirika la DCSA lililo chini ya Wizara ya Ulinzi, ingawa mashirika ya ujasusi yana wapekuzi wao na vipimo vyao vya ziada.

Sharti la kwanza ni uraia wa Marekani. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kujiunga na jeshi, lakini kazi zinazodai kibali humsubiri mpaka ale kiapo cha uraia. Ndiyo maana habari hii inawagusa Waswahili walioko kule kuliko inavyoonekana. Kiswahili kilikuwemo katika orodha ya lugha zilizotafutwa na mpango wa MAVNI, uliowaandikisha wageni jeshini kuanzia 2009 hadi uliposimama 2016. Mbali na jeshi, kuna vijana wa Kikenya, Kitanzania na Kikongo waliosomea kompyuta na sasa wanaitazama ajira ya wakandarasi wa serikali huko Maryland na Virginia, ambako tangazo la kazi moja baada ya jingine linadai kibali.

Kwa mhamiaji, pombe inaweza kugonga hata kabla ya hapo. Oktoba 2019, katika shauri la Castillo-Perez, Mwanasheria Mkuu wa Marekani aliamua kwamba mtu aliyetiwa hatiani mara mbili au zaidi kwa kuendesha gari akiwa amelewa, ndani ya kipindi kinachoangaliwa, atachukuliwa kuwa hana mwenendo mwema mpaka yeye mwenyewe athibitishe kinyume chake. Idara ya uraia na uhamiaji ikauchukua msimamo huo kwenye maombi ya uraia. Usiku miwili mibaya barabarani, basi, inaweza kumzuia mtu asiufikie hata mlango wa kibali.

Herufi G

Kanuni zinazotumika na idara zote zinaitwa SEAD 4, na zilianza kazi Juni 8, 2017. Zina vipengele 13, kuanzia A hadi M: utii kwa nchi, ndugu na mali nje ya nchi, madeni, dawa za kulevya, matumizi ya kompyuta, na kuendelea. Pombe ni herufi G. Mwenendo binafsi, ambamo uongo umo, ni E. Jinai ni J. Kukamatwa mara moja tu na polisi kwa kuendesha ukiwa umelewa kunaweza kuandikwa chini ya G na J kwa pamoja, na ukikuficha kunaongezewa E. (Waswahili wengi huogopa zaidi B, ile ya jamaa walioko nje, kwa sababu mama na shangazi wote wako Kigoma au Kisumu. Inaulizwa, ndiyo, lakini hiyo ni mada yake peke yake.)

Kipengele G hakisemi kunywa ni kosa. Kinachoangaliwa ni kama pombe inamfanya mtu apoteze busara au ashindwe kujizuia, kwa kuwa mtu wa namna hiyo akikabidhiwa siri ni hatari. Tukio moja linatosha kuibua swali: kuendesha umelewa, kupigana baa, kumpiga mwenzi wako, kufika kazini unanuka pombe. Haijalishi kama ni mara ya kwanza, na haijalishi kama hakuna daktari aliyewahi kukuambia una tatizo. Kunywa mpaka kulewa chakari kila wikendi nako kunahesabika, hata kama polisi hawakuwahi kukugusa. Kutotekeleza amri ya mahakama ya kuhudhuria mafunzo au tiba kunahesabika kivyake.

Halafu kuna suala la daktari, na hapa ndipo watu wengi hupotea njia. Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, una dalili 11 za matatizo ya pombe, na mtu mwenye dalili mbili ndani ya miezi 12 anaweza kuandikiwa kuwa nayo katika kiwango cha chini. Mbili si nyingi. Mwanafunzi aliyekunywa kuliko alivyokusudia, tena mara kwa mara, na akaendelea hata baada ya kugombana na mchumba wake kwa sababu hiyo, anaweza kufika hapo. Maneno hayo yakishaandikwa na mtaalamu, ushauri atakaokupa unageuka kuwa kipimo chako.

Tuchukue watu wawili wa kufikirika, wote wakazi wa Columbus, Ohio, wote walikamatwa miaka minne iliyopita wakiendesha wamelewa. Wa kwanza mahakama ilimpeleka kwenye darasa la madhara ya pombe, mtaalamu akamwona hana ugonjwa, akaambiwa apunguze. Sasa anakunywa bia mbili Jumamosi, hajapata tukio jingine, gari huliacha nyumbani. Wa pili aliandikiwa kuwa pombe imemshinda kwa kiwango cha kati, akashauriwa asiiguse kabisa. Hakuigusa kwa mwaka mzima, kisha kwenye harusi ya dada yake akanywa glasi mbili za shampeni, na tangu hapo hunywa kidogo kwenye sikukuu. Ukihesabu chupa, wa pili anakunywa kidogo kuliko wa kwanza. Mbele ya kipengele G, wa kwanza ana nafasi nzuri, kwa sababu kanuni zinakubali unywaji uliorekebishwa. Wa pili amejiongezea jambo jipya la kueleza: kunywa kinyume cha ushauri wa tiba baada ya kutambuliwa kuwa na tatizo.

Wapo wanaoliona hili kuwa ni uonevu. Mimi naliona lina mantiki. Serikali haipimi lita. Inataka kujua mtu huyu, akielekezwa jambo na anayelijua, analifuata au anajipangia lake, kwa sababu kazi yote ya kutunza siri ni kufuata maelekezo hata siku ambayo hakuna anayekuona.

Njia za kutokea ziko nne. Ya kwanza ni muda, au mazingira ya tukio kuwa ya pekee kiasi kwamba halitarajiwi kujirudia. Ya pili ni ya mtu anayekiri kwamba unywaji wake ulikuwa wa shida, akaonyesha alichofanya kuurekebisha, na mwenendo wake mpya ukaonekana kusimama. Ya tatu ni ya aliyeko kwenye tiba hivi sasa na anaendelea vizuri, ila hiyo haimfai aliyewahi kutibiwa kisha akaanguka tena. Ya nne ni ya aliyemaliza tiba pamoja na ufuatiliaji wake, na akadumu katika kuacha au kupunguza kama alivyoelekezwa. Aliyeanguka na kuinuka tena hafungiwi moja kwa moja, kwani ya pili na ya nne bado ziko wazi kwake, lakini atatakiwa aeleze kwa nini safari hii ni tofauti.

Muda gani unatosha? Swali hili huulizwa kuliko mengine yote, na vijiweni utapewa jibu kwa uhakika mkubwa: mwaka mmoja, wengine miaka mitatu, wengine saba. Kanuni haitaji idadi, na bodi ya rufaa ya DOHA, ofisi inayosikiliza mashauri haya kwa upande wa wakandarasi wa ulinzi, imekataa kuweka mstari mmoja kwa wote. Miaka ya utulivu hulinganishwa na ukubwa na urefu wa tatizo. Miezi minane bila pombe ni mingi kwa mtu aliyekuwa na usiku mmoja mbaya chuoni. Kwa aliyekunywa vibaya miaka kumi na tano, akatibiwa mara mbili na kurudia mara mbili, ni michache mno.

Miaka saba, na maswali yasiyo na mwisho wa miaka

Fomu inayohusika inaitwa SF-86. Ikichapwa inazidi kurasa 100, ingawa siku hizi hujazwa kwenye kompyuta, na serikali imeshaidhinisha fomu mpya ya kuirithi. Kosa ambalo Egan alisema lilimpata bado linaweza kumpata mtu humo: maswali mengine yana ukomo wa miaka saba, mengine hayana ukomo, na mtu mwenye haraka huyajibu yote kwa kipimo kimoja.

Sehemu ya 24 ndiyo ya pombe. Swali lake la kwanza linahusu miaka saba iliyopita: je, pombe imewahi kuathiri kazi yako, uhusiano wako na watu au fedha zako, au kusababisha polisi waingilie? Maswali yanayofuata yanabadilika kimyakimya. Je, umewahi kuamriwa, kushauriwa au kuombwa kutafuta ushauri nasaha au tiba kwa sababu ya pombe? Je, umewahi kutafuta mwenyewe? Hapo hakuna saba. Kama mwaka 2009 mkuu wa bweni alikuambia ukamwone mshauri, jibu ni ndiyo.

Sehemu ya 22, ya rekodi za polisi, ina mtego huohuo. Makosa mengi yanaulizwa kwa miaka saba, lakini swali la kuwahi kushtakiwa kwa kosa linalohusu pombe au dawa za kulevya halina ukomo. Faini za barabarani zilizo chini ya dola 300 huruhusiwa kuachwa, isipokuwa kama pombe au dawa zilihusika. Huko California wakili anaweza kukupatanisha na mwendesha mashtaka, shtaka la ulevi likashushwa kuwa uendeshaji wa kizembe uliohusisha pombe. Mahakamani umepata nafuu. Kwenye fomu bado ni tukio la pombe.

Kisha kuna kesi iliyofutwa. Ndugu atakwambia, "Kaka, ile kesi ilifutwa, haipo tena, andika hapana." Wakili wa jinai naye anaweza kukwambia hivyo, na kwa ajira ya kawaida huenda yuko sahihi kwa sheria za jimbo lake. SF-86 inasema wazi kwamba uandike hata kama kesi ilitupwa, jalada lilifungwa au rekodi iliondolewa kwa amri ya mahakama, na inaacha upenyo mdogo tu kwa baadhi ya hukumu za dawa za kulevya zilizofutwa chini ya sheria ya shirikisho. Alama za vidole zilizochukuliwa usiku wa kukamatwa zinaweza kubaki kwenye kumbukumbu za FBI hata baada ya jalada la mahakama kuondolewa. Mpekuzi anaweza kuwa nazo mbele yake wakati anakuuliza.

Kuandika uongo kwa makusudi kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai la shirikisho, kifungo chake ni hadi miaka mitano. Kushtakiwa si jambo la kila siku. Kunyimwa kibali kwa kipengele E ndilo jambo la kila siku, na hapo makusudi ndiyo yanayobishaniwa: ulisahau, hukuelewa swali, au ulificha? Aliyesahau faini ya 2006 akiwa ameandika mengine yote, yaliyo mabaya zaidi, huaminika. Aliyesahau usiku pekee aliolala mahabusu maishani mwake ana kazi ya kujieleza.

Anayegundua kwamba ameacha kitu bado ana nafasi, na kanuni imeitaja: kujirekebisha mapema na kwa nia njema, kabla hajawekewa ushahidi mbele yake. Mahojiano na mpekuzi ndipo mahali pake. Akifungua daftari tu, unamwambia kuna jambo sikuliandika, liko hivi, lilitokea mwaka fulani. Ukingoja akuonyeshe karatasi ya polisi ndipo ukumbuke, umeshachelewa.

Siri ya nyumba

Kwetu tunalelewa kwamba siri ya nyumba haitoki nje. Mzee wa familia akizidiwa na mtungi, majirani huambiwa anaumwa malaria. Mtoto wa shehe anayekunywa hunywea mji mwingine. Mlokole aliyeanguka huenda baa ya mbali na kofia imeshuka usoni. Hii ni heshima, ni kumstiri mwenzako, na sina nia ya kuibeza. Ila kwenye upekuzi inageuka na kuwa tatizo la aina yake, tofauti kabisa na pombe yenyewe.

Kipengele E kinaangalia jambo lolote ambalo mtu analificha kiasi kwamba likijulikana litamharibia jina, ndoa au nafasi yake kwenye jamii, kwa sababu mwenye kulijua anaweza kumtisha nalo. Mfikirie mtu wa Mombasa aliyehamia Virginia. Mkewe hajui kwamba aliwahi kulazwa kwa ulevi, baba yake ni imamu, na msikiti mzima wa hapo mtaani unamheshimu. Tiba aliimaliza miaka sita iliyopita, hajagusa tone. Kwa kipengele G mtu huyu yuko vizuri. Lakini mpekuzi akimuuliza, "Nani mwingine anajua?" na jibu likawa hakuna, kuna swali jipya: akija mtu na kumwambia nipe nyaraka fulani au mkeo atajua, atafanya nini?

Dawa yake haihitaji kutangaza msikitini. Inatosha tishio lipoteze makali. Akimwambia mkewe, na pengine kaka mmoja na msimamizi wake wa kazi, aliyetaka kumtisha hana kitu mkononi. Kanuni inalitambua hilo moja kwa moja: hatua zilizochukuliwa kupunguza uwezekano wa kutishwa huhesabiwa upande wako. Kumwambia mke jambo kama hilo ni kugumu kuliko kujaza kurasa 100, najua. Afadhali lifanyike jikoni kwa wakati wako kuliko wiki ambayo mpekuzi anabisha hodi.

Na atabisha. Kwa ngazi ya juu huzungumza na majirani, wafanyakazi wenzako, hata mtalaka wako. Hapaswi kuwasimulia uliyoandika, lakini anaweza kuwauliza kama unakunywa na unakunywaje. Hapo ndipo upendo wa jamaa zetu unapoharibu. Umeandika kwa ukweli kwamba ulitibiwa mwaka fulani, halafu rafiki wa karibu uliyemtaja anasema kwa moyo mweupe, "Huyo? Hajawahi kuonja, ni mtu wa dini." Mpekuzi anabaki na maelezo mawili yanayopingana, na ya kwako ndiyo mabaya. Waambie watu wako mapema wajibu wanachokijua.

Kuna hofu nyingine ambayo inawazuia watu wasitibiwe: nikienda kwa mshauri itaandikwa, nami nitanyimwa. Kuhusu afya ya akili, kanuni zimekataza kumhukumu mtu kwa sababu tu alipata ushauri nasaha. Kuhusu pombe, tiba utaulizwa na utaitaja, lakini rudi kwenye zile njia nne uone ni ngapi zinazopita kwenye tiba. Mtu mwenye tatizo ambaye hakutibiwa ana machache ya kuonyesha.

Vielelezo

Kusema "nimeacha" ni neno tu. Wanaofanikiwa huja na karatasi: cheti cha kumaliza programu, barua ya mtaalamu aliyekupima upya na kueleza hali yako ya sasa na matarajio yake, stakabadhi za mahakama zinazoonyesha faini ililipwa na muda wa uangalizi uliisha. Anayehudhuria mikutano ya AA, ule ushirika wa walevi waliopata nafuu ulioanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, anaweza kuleta barua ya mlezi wake humo. Barua ya padri, mchungaji au imamu inapokelewa pia, ila ina uzito pale tu inapoonyesha kwamba mwandishi anajua ulichofanya. Sifa nzuri kutoka kwa mtu asiyejua kwamba uliwahi kukamatwa hazithibitishi chochote. Wengine hupeleka vipimo vya damu vya PEth, ambavyo huonyesha kama mtu alikunywa katika wiki chache zilizopita. Kipimo kimoja ni picha ya mwezi mmoja. Vitano vilivyopangwa kwa mwaka mzima vinaanza kusimulia.

Kwenye mahojiano utaulizwa unakunywa mara ngapi, kiasi gani, ni kiasi gani kinakulewesha, na una nia gani huko mbele. "Kidogo tu, kwenye sherehe" halimsaidii mtu. Kidogo cha nani? Toa idadi. Na kama nia yako ni kuendelea kunywa kwa kiasi, sema hivyo. Kuapa kwamba hutagusa tena maisha yako yote wakati friji ina bia ni kujitafutia kipengele E bure.

Ikija barua ya sababu

Kwa mfanyakazi wa mkandarasi wa ulinzi, dalili ya kwanza ya shida ni waraka unaoorodhesha sababu, aya kwa aya, kila moja na herufi ya kipengele chake. Una siku 20 za kujibu. Kila aya unaikiri au unaikana, unaeleza, na unachagua: shauri lisikilizwe mbele ya jaji wa DOHA, au liamuliwe kwa maandishi. Nionavyo mimi, katika mambo ya pombe kusikilizwa ana kwa ana kuna faida, maana jaji anakuona, anakuuliza mara ya mwisho ulikunywa lini, na mkeo anaweza kutoa ushahidi. Anayechagua maandishi hupewa jalada la serikali na siku 30 za kulijibu. Kanuni ya kuamua ni moja kwa wote: penye shaka, usalama wa taifa hupewa kipaumbele.

Ukishindwa, notisi ya rufaa hutakiwa ndani ya siku 15, na kwenye rufaa hakuna ushahidi mpya unaopokelewa. Barua ya daktari uliyoisahau nyumbani haitakufaa tena hapo. Mahakama za kawaida nazo, kwa sababu ya ile hukumu ya 1988, haziingii kwenye kiini cha uamuzi. Kinachobaki ni kuomba upya mwaka mmoja ukishapita, ukipata mwajiri wa kukudhamini. Wanajeshi na watumishi wa serikali wana taratibu zao zinazofanana na hizi lakini zenye bodi tofauti. Maamuzi ya DOHA huwekwa hadharani kwenye intaneti bila majina ya waombaji, na mtu anayejiandaa angefanya vyema kusoma kumi au kumi na tano ya kipengele G, ya walioshinda na ya walioshindwa, kabla ya kusikiliza ushauri wa yeyote.

Aliyekwisha kupewa kibali naye hajamaliza. Zamani upekuzi ulirudiwa kila miaka mitano kwa Top Secret na kila miaka kumi kwa Secret. Siku hizi rekodi za polisi, mahakama na madeni hufuatiliwa na kompyuta wakati wote. Maelekezo mengine, SEAD 3, yanamtaka mwenye kibali aripoti mwenyewe akikamatwa au akianza tiba ya pombe. Anayekamatwa Ijumaa usiku anatakiwa kumwarifu afisa usalama wa kazini kwake mapema iwezekanavyo, bila kungoja kesi iamuliwe.